Ukimeza warfarin, unameza dawa mbili

Hebu jifikirie wewe ndiye mgonjwa. Ulipokuwa mtoto uliugua koo mara kwa mara, na hakuna aliyetambua kwamba homa ya baridi yabisi iliyofuata ilikuwa ikiharibu vali za moyo wako. Ukiwa mtu mzima ulipasuliwa, ukawekewa vali ya bandia. Tangu siku hiyo unameza tembe ya warfarin kila jioni ili damu isigande kwenye vali hiyo.

Miezi inapita salama. Kisha siku moja tumbo linakusokota na unahara. Jirani anakwambia, "Hiyo ni ameba tu. Nenda kemisti ununue Flagyl." Unanunua, unameza, na tumbo linatulia.

Siku chache baadaye unapiga mswaki na ufizi unatoka damu isiyokoma. Ukijigonga kidogo tu kwenye kiti cha matatu, ngozi inavilia damu. Halafu unaona mkojo wako umekuwa mwekundu.

Warfarin hukuiongeza hata tembe moja. Je, kumetokea nini?

Jibu limo katika jambo ambalo wagonjwa wengi hawajapata kuelezwa. Tembe moja ya warfarin huwa na dawa mbili ndani yake, zinazofanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto. Flagyl huizuia moja tu kati ya hizo mbili isitoke mwilini, na hiyo ndiyo iliyo kali zaidi.

Wanasayansi walilielewa jambo hili walipoacha kuhesabu warfarin yote kwa pamoja na kuanza kuchunguza kila mkono peke yake katika damu ya binadamu.

SUMU YA PANYA ILIYOGEUKA DAWA

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani waliona ng'ombe wao wakifa kwa kutokwa na damu. Jeraha dogo la kukatwa pembe lilitosha kumwua mnyama mzima. Ilibainika kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya mmea uitwao klova tamu, ambayo yalikuwa yameingia unyevu na kuoza.

Mnamo mwaka wa 1933, mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin aliendesha gari katika dhoruba ya theluji akiwa na ng'ombe mfu, majani hayo na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Aliifikisha mizigo hiyo katika maabara ya mwanakemia Karl Paul Link, mjini Madison.

Link na wenzake walifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi wakaipata kemikali iliyokuwa ikizuia damu kuganda. Kutokana nayo walitengeneza nyingine nyingi zinazofanana nayo, na moja kati ya hizo ikawa warfarin. Jina hilo lilitokana na herufi za kwanza za wakfu wa chuo kikuu cha huko Wisconsin uliogharimia utafiti huo.

Warfarin ilianza kuuzwa mwaka wa 1948, lakini si kwa wagonjwa. Ilikuwa sumu ya panya. Ni mwaka wa 1954 ndipo iliporuhusiwa Marekani kutibu binadamu, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower wa nchi hiyo alipewa dawa hiyo baada ya kushikwa na maradhi ya moyo.

Watu wengi husema kwamba warfarin "huifanya damu kuwa nyepesi". Huo ni usemi tu. Damu inabaki na uzito wake. Kinachobadilika ni kazi ya ini, ambalo hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Warfarin huziba njia ambayo mwili hutumia kuirudisha vitamini hiyo kazini, na damu ikawa inachukua muda mrefu zaidi kuganda.

Hapo ndipo penye ugumu. Dawa ikiwa chache, donge la damu laweza kuziba vali au kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Ikizidi, mgonjwa hutokwa na damu ndani au nje ya mwili. Nafasi ya usalama iliyo katikati ni nyembamba, na kosa dogo linatosha kumtoa mgonjwa humo.

KULIA NA KUSHOTO

Sasa nyoosha mikono yako mbele yako na uitazame. Vidole ni vile vile, urefu ni ule ule, kila kitu kinalingana. Lakini ukijaribu kuulaza wa kulia juu ya wa kushoto, viganja vyote vikitazama chini, kidole gumba cha huu kitaangukia upande wa kidole cha mwisho cha ule. Mkono mmoja ni sura ya mwenzake kwenye kioo.

Ndivyo ilivyo pia na viatu. Cha kushoto na cha kulia vimeshonwa kwa ngozi ile ile na fundi yule yule, na vikipimwa kwenye mizani vitalingana. Lakini mguu wako unavitofautisha mara moja.

Molekuli nyingi, yaani vile vijisehemu vidogo mno vinavyounda dawa, zina tabia hiyo hiyo. Mwenye kuligundua jambo hili ni Mfaransa Louis Pasteur, ambaye baadaye alipata sifa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka wa 1848, akiwa na umri wa miaka 25, Pasteur alichunguza kwa hadubini fuwele za chumvi iliyotokana na asidi inayopatikana katika utengenezaji wa mvinyo.

Aliona kwamba baadhi ya fuwele hizo zilielekea kulia na nyingine kushoto. Akaketi na kuzitenganisha moja moja kwa mkono, kama mama anavyochambua mchele. Alipoziyeyusha katika maji, fungu moja lilipinda mwanga maalumu kuelekea kulia na la pili kuelekea kushoto.

Mwili wetu nao umejengwa kwa upande mmoja. Protini zetu, pamoja na vile vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, zimeundwa kwa vipande ambavyo karibu vyote ni vya mkono wa kushoto. Kwa hiyo dawa yenye mikono miwili inapoingia mwilini, kila mkono hupokewa kwa njia yake, kama mguu unavyopokea viatu.

Dawa inapotengenezwa kiwandani kwa njia ya kawaida ya kemia, mikono yote miwili hutoka sawa kwa sawa, nusu kwa nusu. Warfarin inayouzwa ni mchanganyiko wa namna hiyo. Wataalamu huuita mkono mmoja R na wa pili S, kutokana na maneno ya Kilatini. Hapa tutaita R warfarin ya kulia, na S warfarin ya kushoto.

Tofauti kati ya hizo mbili si ndogo. Ya kushoto ina nguvu mara 3 hadi 5 kuliko ya kulia katika kuzuia damu kuganda. Ya kushoto huvunjwa hasa na kimeng'enya kimoja cha ini kiitwacho CYP2C9, ilhali ya kulia huvunjwa na vimeng'enya vingine kadhaa.

Hata muda wa kukaa mwilini si mmoja. Nusu ya warfarin ya kushoto huondoka katika damu baada ya muda wa kati ya saa 21 na 43. Kwa ya kulia, ni kati ya saa 37 na 89. Ndiyo maana, ijapokuwa tembe ina nusu kwa nusu, katika damu ya mgonjwa wa kawaida utaikuta ya kulia ikiwa nyingi kuliko ya kushoto.

JUMLA ILIYODANGANYA

Kwa miaka mingi madaktari walipotaka kujua kiasi cha warfarin katika damu walipima jumla, yaani kulia na kushoto pamoja. Jumla hiyo ndiyo iliyowapoteza njia.

Kulikuwa na dawa moja ya maumivu ya viungo iitwayo phenylbutazone. Siku hizi nchi nyingi zimeacha kuwapa watu dawa hiyo kwa sababu ya madhara yake, na inajulikana zaidi kwa matibabu ya farasi. Lakini zamani ilitumiwa sana, na wagonjwa wa warfarin waliopewa dawa hiyo walitokwa na damu vibaya.

Wataalamu walipopima warfarin katika damu ya watu waliomeza dawa zote mbili, walishangaa. Kwa jumla yake, warfarin haikuonekana kukawia mwilini kuliko kawaida. Walitoa maelezo kwamba phenylbutazone huisukuma warfarin kutoka kwenye protini zinazoibeba katika damu. Maelezo hayo yalikubaliwa kote na kufunzwa vyuoni.

Mwaka wa 1974 watafiti wa Marekani walifanya jambo ambalo leo linaonekana rahisi. Waliwapa watu warfarin ya kulia peke yake, kisha ya kushoto peke yake, wakatazama phenylbutazone inafanya nini kwa kila moja.

Kumbe phenylbutazone ilikuwa ikifanya mambo mawili yanayopingana. Iliizuia warfarin ya kushoto isivunjwe, nayo ikarundikana. Wakati huo huo iliiharakisha ya kulia kutoka. Upande mmoja uliongezeka, mwingine ukapungua, na jumla ikabaki kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo hili liwe wazi. Tuseme katika damu yako mna vipimo 35 vya warfarin ya kushoto na 65 vya ya kulia. Jumla ni 100. Tuseme tena kwamba ya kushoto ina nguvu mara 4. Nguvu ya dawa katika damu yako itakuwa 35 mara 4, ongeza 65, yaani 205.

Sasa umeze dawa inayokoroga mambo, ya kushoto iwe 60 na ya kulia 40. Jumla bado ni 100, na maabara itaandika kwamba hakuna mabadiliko. Lakini nguvu sasa ni 60 mara 4, ongeza 40, yaani 280. Karatasi ya maabara inasema uko salama, na wewe unavuja damu.

Miaka miwili baadaye, katika 1976, daktari Robert O'Reilly wa California alichapisha matokeo ya uchunguzi kama huo kuhusu metronidazole, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Flagyl. Aligundua kwamba Flagyl huiongezea nguvu warfarin ya kushoto kwa kuizuia isivunjwe, lakini ya kulia haiguswi. Mwaka wa 1980 alionyesha kwamba Septrin nayo hufuata njia kama hiyo.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali letu la mwanzo. Tembe za warfarin hazikuongezeka, bali mlango wa kutokea wa ule mkono mkali ulifungwa.

MAABARA HUPIMAJE?

Huenda msomaji ukajiuliza: ikiwa mikono hii miwili inafanana kwa uzito na kwa kila kitu, itatenganishwaje ndani ya damu?

Kazi huanzia mkononi mwa mgonjwa. Damu huvutwa na kutiwa katika chupa ndogo yenye kemikali ya kuizuia isigande. Chupa huwekwa kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Chembe nyekundu hushuka chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Hayo ndiyo plazma, na humo ndimo dawa inamopimwa.

Dawa yenyewe ni kidogo sana. Lita nzima ya plazma ya mgonjwa huwa na kama miligramu 1 au 2 tu za warfarin. Ukitaka kuona udogo wa kiasi hicho, chukua lile tangi la maji la lita 1,000 ulilo nalo nyumbani, utie humo sukari isiyojaza hata nusu ya kijiko cha chai, halafu umwambie mtu akuonyeshe iko wapi.

Mtaalamu huanza kwa kuongeza katika plazma kiasi anachokijua cha kemikali nyingine inayofanana na warfarin. Hiyo ni kama shahidi wake. Ikiwa sehemu ya dawa itapotea njiani wakati wa kazi, shahidi naye atapungua kwa kadiri hiyo hiyo, na hesabu itaweza kusahihishwa.

Kisha plazma hutiwa asidi kidogo na kuchanganywa na kiyeyusho kisichopatana na maji, kama mafuta yasivyopatana nayo. Baada ya kutikiswa, warfarin huhamia kwenye kiyeyusho na kuziacha protini na chumvi nyuma. Kiyeyusho hutengwa na kukaushwa, na kinachobaki huyeyushwa tena katika tone dogo la majimaji safi.

Tone hilo husukumwa kwa nguvu ndani ya mrija wa chuma ulioshindiliwa chembe laini kama vumbi. Katika mrija wa kawaida mikono yote miwili hutembea pamoja na kutoka pamoja, na mashine huchora kilima kimoja. Hiyo ndiyo jumla tuliyoisema.

Siri iko kwenye mrija wenyewe. Kama vile huwezi kumtofautisha mtu wa kulia na wa kushoto kwa kumpa mpira, lakini utaweza kwa kumpa glavu ya mkono mmoja, mrija nao lazima uwe na kitu chenye upande. Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu walianza kupaka chembe za mrija vitu vinavyotoka kwa viumbe, kwa kuwa viumbe vina upande.

Kuna mirija inayotumia pete za sukari zinazotokana na wanga. Kuna inayotumia vancomycin, ambayo ni dawa ya kuua bakteria. Kuna hata inayotumia protini iliyotolewa katika damu ya binadamu.

Warfarin inapopita humo, mkono mmoja hung'ang'ania zaidi na mwingine huteleza. Mmoja hutangulia kutoka na mwenzake hufuata dakika chache baadaye. Mashine huchora vilima viwili badala ya kimoja. Ukubwa wa kila kilima, ukilinganishwa na ule wa shahidi, ndio unaoeleza kiasi.

Kabla ya kuyaamini matokeo, mtaalamu lazima apime pia plazma ya mtu asiyemeza dawa, ambayo yeye mwenyewe ameitia kiasi anachokijua cha kulia na cha kushoto. Ikiwa mashine haitaji kiasi hicho sawasawa, kazi ya siku nzima hutupwa.

Siku hizi mrija huo huunganishwa na chombo kinachopima uzito wa molekuli, na plazma kidogo sana inatosha. Hata hivyo chombo hicho peke yake hakiwezi kutofautisha kulia na kushoto, kwa kuwa uzito wao ni mmoja. Kazi ya kutenganisha bado ni ya mrija.

SI WARFARIN PEKE YAKE

Dawa nyingine za moyo zina mikono miwili vilevile. Propranolol, iliyovumbuliwa na Mwingereza James Black aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1988, ni mojawapo. Mkono wake wa kushoto una nguvu kama mara 100 kuliko wa kulia katika kuutuliza moyo.

Nyingine ni verapamil, ambayo hupunguza mwendo wa moyo na shinikizo la damu. Madaktari walikuwa na fumbo: mgonjwa aliyemeza tembe na yule aliyedungwa sindano ya mshipani waliweza kuwa na kiasi kile kile cha dawa katika plazma, lakini dawa ya tembe ilionekana dhaifu.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, waliipima mikono miwili mbalimbali na kulifumbua. Baada ya sindano, verapamil ya kulia ilikuwa kama mara 2 ya ile ya kushoto. Baada ya tembe, ilikuwa kama mara 5. Dawa inayomezwa hupitia kwenye ini kabla ya kufika moyoni, na ini huikamata zaidi ya kushoto, ambayo ndiyo kali. Kwa hiyo mgonjwa wa tembe alikuwa na dawa nyingi, lakini sehemu kubwa yake ilikuwa ile dhaifu.

Mwaka wa 1984 mtaalamu wa Uholanzi, Everardus Ariëns, aliandika makala makali akiwalaumu wenzake kwa kupima dawa za namna hii kana kwamba ni kitu kimoja. Kwake, takwimu za aina hiyo zilikuwa upuuzi uliopambwa kwa usomi.

Lawama hizo hazikupotea bure. Mwaka wa 1992 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitoa mwongozo ikizitaka kampuni zinazounda dawa mpya zenye mikono miwili kuwa na njia za kuupima kila mkono tangu mapema.

Lakini usidhani kwamba kutenganisha ni suluhisho la kila kitu. Thalidomide, dawa iliyoondolewa madukani kuanzia mwaka wa 1961 baada ya kuwalemaza watoto tumboni, ina mikono miwili. Watu husema kwamba lau wangeuza mkono mmoja tu, maafa yasingetokea. Si kweli. Mikono ya dawa hiyo hugeuka yenyewe ndani ya mwili, wa kulia ukawa wa kushoto na wa kushoto ukawa wa kulia.

KWA NINI HOSPITALINI HUPIMWI MIKONO?

Ukienda kliniki ya moyo hutapimwa warfarin ya kulia na ya kushoto. Utapimwa muda ambao damu yako inachukua kuganda, kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikiweka mwaka wa 1983 ili majibu ya maabara zote duniani yalingane.

Wala usione kwamba umepunjwa. INR haikwambii dawa ni kiasi gani, bali inakwambia dawa inafanya kazi gani, na hilo ndilo unalohitaji kujua. Mtu ambaye hamezi warfarin huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarin hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na baadhi ya wenye vali za bandia hutakiwa kuwa juu ya hapo kidogo. Daktari wako atakwambia yako.

Kuipima mikono kunahitaji mashine ghali na mafundi waliofunzwa. Kazi yake ni kujibu swali la "kwa nini". Kwa nini dawa fulani inaigeuza warfarin? Kwa nini mgonjwa huyu anavuja damu kwa dozi ndogo ambayo mwenzake haihisi?

Mara nyingine jibu ni kwamba amezaliwa na kimeng'enya CYP2C9 kilicho kizito. Warfarin ya kushoto hurundikana ndani yake hata kwa tembe kidogo, na mrija wa maabara huonyesha hivyo waziwazi.

Jambo hilo linatuhusu sisi hasa. Aina za kimeng'enya hicho zinazoonekana zaidi kwa Waafrika si zile zilizo nyingi kwa Wazungu. Njia za kukisia dozi zilizotungwa kwa kuchunguza Wazungu zimeonekana kukosea zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika.

Na warfarin bado haijastaafu. Ni kweli kwamba kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR. Lakini hazifai kwa wenye vali za bandia za chuma. Tena mwaka wa 2022, uchunguzi uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi na kupoteza mapigo ya kawaida, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarin waliishi zaidi kuliko waliopewa mojawapo ya dawa hizo mpya. Ni ugonjwa ulio mwingi huku kwetu.

UFANYE NINI?

Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako anameza warfarin, yashike haya:

1. Usinunue dawa yoyote kemisti kabla ya kumwambia mwuzaji kwamba unatumia warfarin. Zitaje hata zile unazoziona ndogo. Flagyl, Septrin na fluconazole ya kutibu ukungu huizuia warfarin ya kushoto isitoke. Aspirini na dawa nyingi za maumivu huongeza hatari ya kutokwa na damu kwa njia nyingine.

2. Kuna dawa zinazofanya kinyume. Rifampicin, inayotumiwa kutibu kifua kikuu, huliharakisha ini, nayo warfarin ikaisha nguvu na damu ikaanza kuganda. Ukianza au ukimaliza matibabu ya kifua kikuu, lazima INR ipimwe upya mara kwa mara.

3. Daktari akiona kwamba huna budi kutumia Flagyl, usikatae. Mwulize ni lini urudi kupimwa INR na kama dozi ya warfarin itapunguzwa. Usiipunguze mwenyewe.

4. Sukuma wiki, mchicha, kunde na managu zina vitamini K kwa wingi. Huna haja ya kuziacha. Kula kiasi kile kile wiki baada ya wiki, ili dozi yako ilingane na chakula chako.

5. Dawa za mitishamba nazo ni dawa. Mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama kimetoka kwa nyanya kijijini.

6. Ukiwa mwanamke na unapanga kupata mtoto, mwone daktari kabla ya kushika mimba. Warfarin yaweza kumdhuru mtoto, na kuiacha ghafla kwaweza kumwua mama.

7. Ukiona damu isiyokoma puani au kwenye ufizi, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au ukishikwa na maumivu makali ya kichwa ya ghafla, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

8. Tembea na kadi inayoonyesha kwamba unatumia warfarin. Ukipata ajali barabarani ukazirai, kadi hiyo itakusemea.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenye warfarin hana maradhi tu ya kutoficha, ana dawa pia. Maneno matano kwenye dirisha la kemisti yangalitosha kumwokoa yule mgonjwa wetu wa mwanzo: "Samahani, mimi hutumia warfarin pia."